Wangari Maathai: Miti saba ya Kamukunji na somo la majira

JUNI 5, 1977, msafara wa watu uliondoka katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta (KICC), katikati ya jiji la Nairobi, ukaelekea mashariki hadi bustani ya Kamukunji. Aliyeuandaa ni mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyekuwa na umri wa miaka 37, Wangari Maathai.

Kwa wakazi wa Eastlands, Kamukunji ni uwanja wenye historia ndefu. Umepakana na Gikomba, Shauri Moyo, Majengo na Muthurwa, mitaa iliyowapokea wafanyakazi wa reli, vibarua na wachuuzi tangu enzi ya mkoloni. Umma ulizoea kwenda huko kusikiliza wanasiasa. Siku hiyo ulikwenda kushuhudia miche saba ikitiwa ardhini.

Kila mche ulipandwa kwa heshima ya shujaa mmoja aliyekwisha kufariki. Miongoni mwa waliokumbukwa walikuwa Waiyaki wa Hinga, Mekatilili wa Menza na Nabongo Mumia. Mashujaa hao walichaguliwa kutoka jamii mbalimbali ili miche hiyo iwe ya Wakenya wote.

Hafla ilikwisha, watu wakaenda zao. Miaka ilipopita, miche mingi ilikufa. Profesa Maathai alipochapisha kitabu cha maisha yake mwaka 2006, ni miti miwili tu kati ya saba iliyokuwa ingali imesimama.

Hata hivyo, ni katika miche hiyo saba ambapo shirika la Green Belt Movement lilianzia, nalo baadaye likasifika kwa kupanda makumi ya mamilioni ya miti. Safari kutoka miche iliyokufa hadi misitu iliyositawi ndiyo hadithi ya maisha ya mwanamke huyu. Ni hadithi ya mtu aliyejifunza, kwa hasara, kwamba kupanda ni jambo moja, na kujua wakati wa kupanda na nani atakayetunza ni jambo jingine.

BUSTANI YA MAMA

Wangari alizaliwa Aprili 1, 1940, katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Aprili katika nyanda hizo ni mwezi wa masika. Mito hufurika na kila mwenye jembe huwa shambani.

Baba yake, Muta Njugi, alifanya kazi katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, na familia ikaishi huko kwa muda. Mwaka 1947 mama yake, Wanjiru Kibicho, alirudi naye Ihithe ili kuwa karibu na wanawe waliokuwa shuleni.

Huko ndiko mama alikomgawia binti yake kipande kidogo cha ardhi katikati ya shamba lake. Msichana huyo alipanda viazi vitamu, maharagwe, mahindi na mtama. Kwa kuwa hakuwa na subira, alifukua mbegu mara kwa mara aone kama zimeota, hadi mama yake alipomwonya aziache zilivyo, kwani zingechomoza zenyewe.

Mama huyo alikuwa na kanuni nyingine ambayo bintiye hakuisahau kamwe. Mvua inaponyesha, mtu asikae bure bali apande chochote. Katika maneno hayo machache mlikuwa na elimu nzima ya kilimo cha nyanda za juu za Kenya, ambako mwaka hugawanywa na misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Anayewahi mvua hizo huvuna, na anayechelewa huambulia mashina yaliyokauka. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mpanda ovyo hula ovyo.

Karibu na nyumba yao palikuwa na mugumo mkubwa, na kando yake kijito kilichotoa maji safi na kustawisha nduma. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti huo kwa kuwa ulikuwa wa Mungu. Miaka mingi baadaye, akiwa msomi, Wangari alirudi akakuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Hapo ndipo alipotambua kwamba mwiko wa wazee ulikuwa pia njia ya kulinda maji na udongo.

KANSAS NA NYUMBANI

Alisoma katika shule ya msingi ya Ihithe, kisha kwa masista wa Mtakatifu Cecilia, Mathari, na hatimaye Loreto Limuru, alikomaliza mwaka 1959. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa mamia ya vijana waliopelekwa Marekani kwa ndege katika mpango uliopiganiwa na Tom Mboya, mwanasiasa ambaye jina lake halitenganishwi na mitaa ya Eastlands, na ambaye aliuawa Julai 1969.

Wangari alipelekwa katika mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas, akajiunga na chuo cha masista Wabenedikto cha Mount St. Scholastica. Kwa mara ya kwanza aliishi mahali ambapo mwaka hauongozwi na mvua bali na baridi. Huko miti hupukutika majani yote, ardhi hugandishwa na barafu, na mkulima husubiri ipate joto ndipo atie mbegu.

Wakulima wengi wa Kansas wana desturi ya kupanda viazi karibu na sikukuu ya Mtakatifu Patrick, Machi 17. Ni mwezi ule ule ambao mkulima wa Nyeri naye huandaa mbegu za viazi. Tofauti ni kwamba wa Kansas huangalia kama baridi imelegea, ilhali wa Nyeri huangalia kama mawingu yamekusanyika. Ukienda kaskazini zaidi, katika nchi zenye kiangazi kifupi, mkulima husubiri hadi Mei, na akizidi kuchelewa baridi humrudia kabla ya mavuno.

Wangari alihitimu katika somo la biolojia mwaka 1964 na kupata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mapema 1966 alirejea Nairobi akiwa na barua ya ajira ya chuo kikuu, lakini alipofika akaelezwa kuwa nafasi hiyo amepewa mtu mwingine.

Alipata kazi katika idara nyingine, ile ya anatomia ya mifugo, chini ya Profesa Reinhold Hofmann kutoka Ujerumani. Mwaka 1971 alitunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho cha elimu. Baadaye aliongoza idara hiyo na kupandishwa cheo kuwa profesa mshiriki.

Utafiti wake kuhusu kupe wanaoeneza ugonjwa wa ng'ombe ulimpeleka mashambani. Huko aliona mito iliyogeuka rangi ya udongo, mifugo iliyokonda na watoto wasio na afya. Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, wanawake wa vijijini walieleza shida zao: kuni zimeadimika, maji yako mbali, chakula hakitoshi. Mtafiti huyo wa kupe alifikia uamuzi kwamba tatizo lilianzia kwenye ardhi iliyovuliwa miti.

MICHE ILIYOKAUKA

Jaribio lake la kwanza halikuwa Kamukunji. Mumewe, Mwangi Mathai, aliwania ubunge wa Lang'ata mwaka 1974 na kuwaahidi wapigakura ajira. Alipochaguliwa, ni mkewe aliyetafuta namna ya kuitimiza ahadi hiyo. Alianzisha kampuni ndogo aliyoiita Envirocare, akinuia kuwaajiri maskini wakuze miche na kupanda miti katika makazi ya matajiri.

Alipata mahali pa kuweka kitalu katika msitu wa Karura, na mwaka 1975 alionyesha miche yake katika maonyesho ya kimataifa ya Nairobi. Wageni waliisifu, lakini wanunuzi hawakutokea. Kisha mvua ikakosekana, maji ya mfereji yakaanza kugawiwa kwa zamu, na miche ikanyauka. Envirocare ilikufa pamoja nayo.

Mtu mwingine angeachia hapo, lakini yeye alilipeleka wazo lake kwa Baraza la Wanawake. Hivyo ndivyo harambee ya kuokoa ardhi ilivyozaliwa, na ndivyo msafara wa Kamukunji ulivyofanyika.

Tarehe yenyewe ina funzo. Juni 5 ni Siku ya Mazingira Duniani, iliyochaguliwa kwa kuwa siku kama hiyo mwaka 1972 mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ulifunguliwa Stockholm, Sweden. Katika nchi hiyo ya kaskazini, Juni ni mwezi wa jua refu, ardhi imepata joto na kila kitu kinamea.

Nairobi mambo ni kinyume. Mwanzoni mwa Juni masika huwa yanaaga, na kinachofuata ni miezi ya baridi na ukavu hadi Oktoba. Mche unaotiwa ardhini wakati huo hauna mvua ya kuutegemea. Unahitaji mtu wa kuuletea ndoo ya maji na kuukinga dhidi ya mbuzi na nyayo za watu. Katika uwanja wa umma unaovukwa na maelfu kila siku, mtu huyo hana jina. Mti wa wote ukawa mti usio na mwenyewe.

WANAWAKE NA MSIMU

Baada ya Kamukunji, maombi ya miche yalimiminika kutoka vikundi vya wanawake, shule na makanisa. Profesa Maathai aliweka shabaha ya miti milioni 15, mmoja kwa kila Mkenya wa wakati huo. Mkuu wa idara ya misitu alikuwa ameahidi kumpa miche bila malipo, lakini maombi yalipozidi, akaambiwa alipe.

Hapo ndipo wanawake walipoambiwa waoteshe miche yao wenyewe. Maafisa wa misitu waliitwa kuwafundisha, wakaja na maelezo ya kitaalamu yaliyowachanganya zaidi. Profesa, aliyekuwa na shahada kuliko wote waliokuwapo, aliwashauri wanawake waachane na maelezo hayo na kutumia maarifa waliyotumia kila mwaka kupanda maharagwe na mahindi.

Walikusanya mbegu za miti ya kienyeji katika vichaka na mashamba yao. Waliziotesha katika vyungu vilivyovunjika na mikebe, wakaweka vitalu mahali pa juu ili kuku wasifikie. Baada ya muda waliitwa wataalamu wa misitu wasio na cheti.

Utaratibu uliowekwa ulionyesha kwamba funzo la miche iliyokufa lilikuwa limeingia. Kikundi hakikupewa miche kwa sababu tu kimeomba. Kwanza wahusika walichimba mashimo, kisha mashimo yakakaguliwa, ndipo miche ikatolewa msimu wa mvua ulipofika. Baadaye mtu alirudi kuhesabu.

Malipo nayo hayakutolewa kwa mche uliopandwa, bali kwa mche uliokuwa hai ukaguzi ulipofanyika. Mwanzoni yalikuwa senti nne za Marekani kwa kila mche. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, lakini kwa mwanamke ambaye hakuwa na chanzo kingine cha fedha kilikuwa na maana. Zaidi ya hayo, kilibadilisha hesabu nzima. Aliyepanda nje ya majira hakupata chochote, na aliyewahi mvua na kutunza alilipwa.

GHARAMA YA KUPANDA

Maisha yake binafsi hayakuwa na utulivu. Julai 1977, wiki chache baada ya Kamukunji, mumewe alihama nyumbani, na ndoa ikavunjwa mahakamani mwaka 1979 baada ya kesi iliyofuatwa na nchi nzima. Alipomkosoa hakimu hadharani, alihukumiwa kifungo cha miezi sita, akakaa siku tatu katika jela ya wanawake ya Lang'ata. Alipotakiwa kuacha jina la mumewe, aliliongezea herufi moja, Mathai likawa Maathai.

Mwaka 1982 alijiuzulu chuo kikuu ili awanie ubunge, akazuiwa kugombea, na chuo kikakataa kumrejesha. Akabaki bila mshahara, na kuanzia hapo alilitumikia Green Belt Movement kwa wakati wake wote.

Mwaka 1989 alipinga mpango wa serikali ya Rais Daniel arap Moi wa kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru. Hoja yake iligusa moja kwa moja familia za mitaa ya Eastlands, ambazo nyumba zao hazina ua na ambazo Jumapili huwapeleka watoto kucheza katika nyasi hizo. Wabunge walimkejeli kwa kuwa mwanamke aliyeachika, na shirika lake likafurushwa katika ofisi zake. Hata hivyo, wafadhili walijiondoa na jumba halikujengwa.

Mwaka 1992 alijiunga na akina mama waliofunga kula katika bustani hiyo wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Polisi waliwavamia, naye akapigwa hadi akazimia.

Januari 8, 1999, alikwenda Karura kupinga kugawiwa kwa msitu huo kwa wajenzi. Alibeba mche. Kila mkulima anajua kuwa Januari ni kiangazi, na mwana wa Wanjiru alilijua hilo kuliko wengi. Siku hiyo mche ulikuwa tangazo kwamba msitu una wenyewe. Walinzi waliwashambulia, na Profesa Maathai akajeruhiwa kichwani. Msitu wa Karura ulinusurika.

OKTOBA MARA MBILI

Desemba 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu, na mapema mwaka uliofuata akateuliwa waziri msaidizi wa mazingira. Oktoba 8, 2004, akiwa safarini kuelekea eneobunge lake, alipigiwa simu akaarifiwa kuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, ikiwa mara ya kwanza kwa mwanamke Mwafrika.

Jambo la kwanza alilofanya ni kupanda mti katika hoteli ya Outspan, Nyeri, akiutazama Mlima Kenya. Safari hii kalenda ya dunia na kalenda ya shamba zilikubaliana. Ilikuwa Oktoba, mlango wa vuli, wakati ambao mama yake asingemruhusu kukaa bure.

Alipoteza kiti cha ubunge mwaka 2007, lakini akaendelea kutetea misitu, hasa ya bonde la Congo. Septemba 25, 2011, alifariki katika hospitali moja ya Nairobi kutokana na saratani ya ovari, akiwa na umri wa miaka 71.

Mazishi ya kitaifa yalifanyika Oktoba 8, 2011, miaka saba kamili tangu habari za Nobel zitangazwe. Kwa kuwa hakutaka mti wowote ukatwe kwa ajili yake, jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Baada ya ibada katika bustani ya Uhuru, mwili wake ulipelekwa kuchomwa Kariokor.

Kariokor na Kamukunji ziko upande ule ule wa jiji, mwendo mfupi kwa miguu. Kazi aliyoianza hadharani katika uwanja mmoja wa Eastlands mwezi wa Juni ilihitimishwa karibu na uwanja huo mwezi wa Oktoba, watu wa mashambani wakitayarisha mbegu.

Kila mwaka, Juni 5 ikifika, viongozi hupanda miche mbele ya kamera, kisha magari huondoka. Lakini mama mboga wa Jericho au Kayole anayekuza sukuma wiki na viazi katika magunia nje ya mlango wake haangalii tarehe hiyo. Huangalia mbingu mwezi Machi na tena mwezi Oktoba, kama alivyofanya Wanjiru Kibicho huko Ihithe. Mvua isiponyesha, yeye mwenyewe ndiye hubeba ndoo.